Ng'ombe wa Tupokigwe

Igowole, 16 Januari 1955

Mdogo wangu Tupokigwe,

Ugonile. Sisi huku shamba la chai tu wazima. Mvua haikati, na majani yanakua kuliko mikono ya kuyachuma, kwa hiyo ukarani umenikalia shingoni tangu asubuhi mpaka jioni. Lugano ametimiza miaka miwili, na sasa anamwita baba kila mwanaume aliyevaa kofia.

Nakuandikia kwa sababu ya neno nililoletewa na taniboi wa lori la chumvi. Anasema huko Ilomba watu wanazungumza vilabuni kwamba mumeo Mzee Asukile amechoka kungoja. Kwamba huu ni mwaka wa tatu uko kwake bila mtoto. Na kwamba mke wake mkubwa, Mama Ezekia, anamshauri akurudishe nyumbani na kudai ng'ombe wake, ili mwanawe Ezekia apate kuoa.

Nimejaribu kulala na neno hilo nikashindwa. Niandike wazi, maana wewe uliolewa ukiwa mdogo na huenda hukuelezwa yote. Ng'ombe aliowatoa Mzee Asukile kwa ajili yako, marehemu baba hakuwachinja wala hakuwauza. Walikaa zizini kwetu muda mfupi, kisha wakapelekwa kwa Mzee Saulo, nami nikapewa binti yake Atuganile. Mzee Saulo naye hakukaa nao. Amekwisha kuwatoa mahari ya mwanawe. Sasa Mzee Asukile akiwadai, atanidai mimi, na mimi sina hata mbuzi. Nitakwenda kwa Mzee Saulo, naye atanijibu kama mtu yeyote angenijibu: nirudishie binti yangu kwanza. Atuganile ataondoka, na Lugano ataondoka naye, kwa kuwa kwetu baba wa mtoto ni yule ambaye ng'ombe wake wamesimama kwa wakwe.

Je, maneno hayo ni ya kweli? Na kama ni ya kweli, una nini mwilini? Umeonwa na mtu wa dawa? Nijibu upesi. Barua zako mpe Bwana Muharami dukani kwake, azitie posta. Usimpe Ezekia.

Kaka yako,
Lutengano


Ilomba, Mbeya, 2 Februari 1955

Kaka yangu Lutengano,

Ndaga kwa barua. Nimeisoma nyuma ya ghala, nikaificha ndani ya kitambaa cha kichwa.

Ni kweli. Vilabuni wanasema kwa sauti ndogo, humu nyumbani linasemwa kwa sauti kubwa. Mama Ezekia akitwanga anazungumza na kinu. "Kuna watu hapa kazi yao kula tu," anakiambia. "Hata kuku tunampa siku zake, asipotaga tunajua la kufanya." Mimi naendelea kupepeta.

Lakini Ezekia simlaumu sana. Ana miaka ishirini na sita, amesoma mpaka darasa la nane, na bado analala na wadogo zake. Alikuwa na msichana wake. Baba yake akamwambia ngoja kidogo, zizi limepungua. Kisha ng'ombe waliokuwa wa kumwolea yeye wakaletwa kwetu kwa ajili yangu. Ningekuwa mimi ndiye Ezekia, ningenichukia pia.

Unauliza nina nini. Sina ninachokijua. Nimekunywa mizizi ya kila kilima. Juzi Jaha, mke wa pili, yule mwenyeji wa Rujewa, alinikuta nakunywa mwingine akaumwaga. "Acha kujitesa," akasema. "Mimi mzee huyu alinioa, na kabla sijapata mtoto wa kwanza akaugua matumbwitumbwi, akavimba mpaka chini, akalala mwezi. Tangu hapo dawa ya nyumba hii si ya kunywa." Nikamuuliza maana yake. Akacheka, akaenda zake kuchota maji. Jaha ana watoto wawili, mkubwa ana miaka kumi. Sijui alitaka kuniambia nini.

Msalimie wifi yangu Atuganile. Mbebe Lugano kwa niaba yangu.

Mdogo wako,
Tupokigwe


Igowole, 20 Februari 1955

Mdogo wangu,

Barua yako imeniongezea joto badala ya kulipunguza. Nimekaa nikafikiri kwa utaratibu, na haya ndiyo ninayotaka uyafanye. Kwanza, acha mizizi, uende ukaonwe hospitali, ukitaka nitakutumia nauli. Pili, usigombane na mumeo kwa jambo lolote, hata akikosea, na zamu yako isipite akiwa amelala kwa mwingine. Tatu, kula vizuri, maziwa hasa, wala usibebe mizigo mizito. Nne, huyo Jaha usimsikilize. Mke mwenzako hawezi kukutakia zizi lako lijae.

Nilimuuliza na dresa wetu wa hapa shambani, bila kukutaja jina. Akaniuliza, "Na mwanaume amepimwa?" Nikamwambia mwanaume huyo ana watoto tisa, ana ng'ombe Rujewa, ana lori, ana wake watatu, mtu wa namna hiyo hapimwi. Akasema, "Haya, bwana karani," akaendelea kufunga vidonda.

Atuganile amehisi kuna jambo. Jana aliniuliza kwa nini namtazama Lugano akiwa amelala. Sikumwambia.

Lutengano


Ilomba, 27 Machi 1955

Kaka,

Unaniandikia kama mtu anayetoa maagizo ya mbolea. Kwanza, pili, tatu. Nimecheka, na nilikuwa sijacheka siku nyingi, kwa hiyo ndaga.

Habari yangu ni kwamba kesho nasafiri kwenda Rujewa, kwenye mpunga wa Mzee, kuamia ndege mpaka mavuno. Miaka mingine kazi hiyo hufanywa na vibarua. Mwaka huu Jaha alimwendea Mzee jioni akamwambia, "Mpeleke mdogo wangu. Mimi nilikwenda kabla ya wanangu wote wawili." Alisema mbele yangu, wala hakuinamisha macho. Mzee alinitazama kwa muda mrefu, nikadhani nimekosa. Kisha akasema, "Aende. Hewa ya kule inawafaa wanawake wa nyumba hii."

Mama Ezekia aliposikia akaweka mwiko chini. Kwake yeye, hilo ni jambo la kutisha.

Sijui nikueleze nini zaidi. Usiku wa jana Jaha alinieleza mambo, na leo nimeamka nikiwa mtu mwingine kidogo. Niombee.

Tupokigwe


Igowole, 11 Aprili 1955

Mdogo wangu,

Hii naituma Rujewa kwa mkono wa dereva, na sijui kama itakufika.

Rudi Ilomba. Nakuomba kama kaka, na kama huwezi kusikia ombi basi chukua kama amri. Tangu lini mwanamke anatafuta mtoto kwa kumkimbia mumewe? Unakaa huko kwenye matope ukipiga debe kufukuza ndege, na yeye yuko Ilomba na wake wawili. Je, huoni mtego? Jaha amekuondoa. Miezi itapita, Mama Ezekia atasema, ona, hata kulala kwake hataki, na wazee watakubali.

Nimeota Mzee Saulo amesimama mlangoni kwangu na kamba mkononi. Najua ni ndoto. Lakini nilipoamka niliangalia mlango.

Mumeo huja huko? Mara ngapi? Niandikie hilo tu.

Lutengano


Rujewa, 1 Mei 1955

Kaka yangu,

Hajaja. Mguu umemvimba tangu kabla ya Pasaka, hawezi kupanda lori. Sasa nimekujibu ulichouliza, tafadhali usiulize tena.

Huku ni joto, na uwanda hauna mwisho. Mtu wa milimani anatafuta mahali pa kuegemeza macho hapaoni. Alfajiri ndege wanashuka kama mchanga uliotupwa. Nina kibanda juu ya miti, nina debe, nina kombeo, na sauti yangu imekuwa ya mwanaume. Nyuma ya mashamba ndipo lilipo zizi la Mzee. Anayewachunga ng'ombe ni Mhehe mmoja anayeitwa Kalinga. Ana miaka kama yako. Amechunga hapa miaka saba, na ujira wake si fedha: kila mwaka mtamba mmoja anahesabiwa kuwa wake, ila analala zizini pamoja na ng'ombe wa Mzee mpaka siku atakapoondoka. Anasema amebakiza miaka miwili. Nikamuuliza una msichana? Akasema, "Msichana wa nini sasa? Nikimtafuta leo nitamwambia angoje nini, mvua?" Mitamba wake amewapa majina ya milima ya kwao. Anawaita kwa majina hayo nao wanakuja.

Nakula. Nalala vizuri kuliko Ilomba. Usinijibu huku.

Tupokigwe


Ilomba, 8 Julai 1955

Kaka,

Nimerudi baada ya mavuno. Nina mimba.

Jaha ndiye aliyejua kabla yangu. Alimwambia Mzee, na Mzee akachinja jogoo, akala nasi sote, jambo ambalo halifanyi mara kwa mara. Mama Ezekia alikula bawa akalirudisha nusu sahanini.

Sasa unaweza kulala. Ninachokuomba ni kimoja, nacho ni kikubwa: kaa kimya. Usishangilie kwa barua, usiulize, usimwandikie mtu. Kimya tu, kaka, kama vile hukujua kuandika.

Tupokigwe


Igowole, 10 Julai 1955

Kwa Mheshimiwa Shemeji yangu, Mzee Asukile,
Ilomba, Mbeya

Kwa heshima nyingi nakusalimu, pamoja na nyumba yako yote. Naamini mguu wako umepata nafuu.

Sikuwahi kukuandikia kwa jambo la nyumbani, na nimefikiri sana kabla ya kushika kalamu. Lakini kwa kuwa baba yetu hayupo, ni wajibu wangu kusema. Nasikia kuna maneno kwamba dada yangu hazai. Shemeji, naomba haki itazamwe. Mwezi wa tatu ulimpeleka Rujewa kuamia ndege. Tangu kabla ya Pasaka wewe mwenyewe hukukanyaga Rujewa hata siku moja, kwa sababu ya mguu, na mpaka leo miezi imepita bila yeye na wewe kuonana kama mke na mume. Mwanamke aliyekaa mbali na mumewe muda wote huo atapataje mimba? Nani angeweza kumlaumu?

Kwa hiyo naomba arudishwe Ilomba upesi, apewe zamu yake kama wenzake, ndipo asemwe. Nimeeleza kwa tarehe ili pasiwe na ubishi.

Wako mtiifu,
Lutengano, Karani


Igowole, 18 Julai 1955

Kwa Bwana Muharami bin Ahmadi,
Mfanyabiashara, Mbeya

Bwana Muharami,

Nakuandikia mbio. Leo nimepata barua ya dada yangu, na kama ingefika juma moja kabla nisingekuwa na haja ya kukusumbua. Kuna barua yangu kwa Mzee Asukile iliyoondoka huku kwa lori la Jumatatu. Najua Mzee hasomi na kwamba wewe ndiye unayemsomea. Nakuomba usimsomee hiyo. Mwambie imelowa, mwambie mwandiko haueleweki, au mwambie ni salamu tu. Ichome. Nilichoandika ni kweli yote, na hilo ndilo balaa lake.

Sina wa kumtegemea hapo mjini isipokuwa wewe. Nimemwambia Atuganile kwamba nina homa. Naye ameniambia leo hii hii kwamba ana mimba ya mtoto wetu wa pili. Ametegemea nifurahi.

Lutengano


Ilomba, 6 Agosti 1955

Kwa Bwana Lutengano, karani wa chai.

Salamu sana. Ama baada ya salamu, mimi Asukile ni mzima na watu wangu ni wazima. Barua yako imefika na imesomwa. Unasema sikukanyaga Rujewa. Nani alikuambia? Nilikwenda kutazama ng'ombe wangu huku mguu unauma, nikalala huko. Sikumuaga mtu, maana mimi si mtoto wa kuaga. Mtoto aliye tumboni mwa dada yako ni wangu, kama wale tisa walivyo wangu. Ng'ombe wangu walio kwenu sijawadai na sitawadai. Lakini usiniandikie tena habari ya nyumba yangu. Wewe kazi yako kupima majani ya chai. Yapime hayo.

Asukile, kwa kidole chake.

Maneno ya Mzee yamekoma hapo. Yanayofuata ni yangu mimi Muharami, nayaandika peke yangu dukani.

Muhibu wangu, barua yako kwangu ilifika Jumanne. Ile ya Mzee ilikuwa imefika Jumamosi iliyotangulia, na Mzee alinitaka niisome hapo hapo barazani kwake, watu wamejaa, maana alidhani ni pongezi. Nilipofika pale penye Pasaka nikakohoa, nikaruka. Lakini Ezekia alikuwa amesimama nyuma ya bega langu. "Umeruka mistari mitatu, Bwana Muharami," akasema. "Rudi juu." Nikarudi juu. Wallahi nilisoma kama mtu anayemeza mfupa.

Watu walitazama miguu yao. Ezekia akasema, "Baba, tangu Pasaka hadi mwezi wa sita mimi ndiye niliyekuwa nakufunga dawa mguuni kila asubuhi." Mzee akanywa kidogo, akafuta mdomo. Akasema, "Ezekia, siku nikienda kulala kwa mke wangu, nikuchukue unishikie taa?" Baraza zima likaangua kicheko. Wengi wao wanategemea lori lake kubebea mahindi, na wengine wana wao wameoa binti zake. Kilikuwa kicheko cha watu waliokubali kuamini. Ezekia peke yake hakucheka.

Baadaye Mzee akamwita ndani, akafunga mlango. Sikusikia waliyosemezana. Lakini Ezekia alitoka ametulia, hata akaninunulia sigara. Hilo ndilo linalonitia wasiwasi, maana kijana yule hawezi kutulizwa bure, na sijui nani atalipa.

Dada yako amekatazwa kuja dukani. Nimemwona kwa mbali. Anatembea vizuri.

Muharami bin Ahmadi


Igowole, 30 Oktoba 1955

Mdogo wangu,

Hii ni barua ya tatu, na hizo mbili hukujibu. Bwana Muharami anasema ameshindwa kukufikishia kwa kuwa Mama Ezekia habanduki kwako. Basi naiacha kwake mpaka upate nafasi.

Kila lori likitoka Mbeya natoka nje ya ofisi. Bwana mkubwa ameniuliza kama nina deni mahali. Nakumbuka kila neno la barua ile, hata mahali nilipoweka mkato. Nilijiona mtu mwerevu sana. Sasa najua kwa nini Mzee alisema hewa ya Rujewa, na kwa nini ulinitaka nikae kimya, na kwa nini dresa alisema haya, bwana karani.

Walikufanya nini? Unapata chakula? Niambie hata kwa neno moja.

Lutengano


Ilomba, 12 Februari 1956

Kaka yangu,

Anayekuletea barua hii hajui kusoma. Ndiyo maana nimeweza kuiandika.

Nimezaa mtoto wa kiume tarehe 17 Januari. Ni mzima, ananyonya mpaka naumia. Mzee amempa jina la babu yake, amembeba mbele ya watu, na wazee wamekuja na kuku wao. Mimi hawakunifanya kitu. Nilifungiwa tu uani, nikapewa maziwa na nyama kama mgonjwa wa heshima. Sasa Mama Ezekia ananiita mwanangu. Ng'ombe wako salama kwa Mzee Saulo, na Atuganile ni wako, na Lugano ni wako. Ndilo ulilotaka kujua siku zote, kwa hiyo nimelitanguliza.

Sasa sikiliza. Usifikiri nililazimishwa, na usifikiri pia kwamba nilichagua. Usiku ule kabla ya safari Jaha alinieleza jinsi alivyowapata wanawe wawili kwa mchungaji aliyekuwa kabla ya Kalinga. Akasema Mzee anajua, ila sharti lake ni moja, lisisemwe mbele ya watu. Rujewa nilikaa majuma nikifukuza ndege, simsemeshi Kalinga ila salamu. Nilikuwa namuwaza Lugano akichukuliwa. Kisha nikamsemesha Kalinga. Baada ya hapo kuna siku sikumuwaza Lugano kabisa, na hilo nakuambia kwa sababu hakuna mwingine wa kumwambia.

Barua yako ililivunja lile sharti mbele ya baraza. Mzee hangeweza kukubali, kwa kuwa wangeanza na mwanangu wakamalizia na wa Jaha, na mtu mkubwa wa Ilomba angebaki na watoto wa zamani peke yao. Basi ilimlazimu kumziba Ezekia mdomo. Mle ndani alimwahidi mahari. Ezekia akauliza, ng'ombe gani, zizi si limepungua? Mzee akamwambia, hao siyo wa zizi langu.

Mwezi wa tisa Kalinga aliitwa Ilomba. Mzee akamwambia kiangazi kimeua ng'ombe saba huko Rujewa, na kwamba hao saba waliokufa ndio waliokuwa wake. Ng'ombe kweli walikufa, Kalinga mwenyewe aliwachuna ngozi. Walikuwa ng'ombe wazee wa Mzee. Mitamba wake aliwaacha asubuhi ile wakinywa maji. Lakini kwa mapatano yao mitamba hawana alama. Ni wake kwa neno la mwenye zizi tu. Jaha alikuwa anagawa uji akasikia yote. Mzee alimuuliza kwa upole, "Una la kusema, Kalinga? Kama unalo, twende barazani, na wewe ueleze huko Rujewa ulikuwa unafanya kazi gani." Kalinga akasema, "Sina, mzee." Akamaliza uji wake, akashukuru.

Mwezi wa kumi na moja mitamba hao walikwenda kwa mkwe wa Ezekia. Kalinga ndiye aliyewapeleka, maana wanamfuata yeye. Harusi ilikuwa nzuri. Mke wa Ezekia ana adabu, na tayari anatapika asubuhi.

Nilimuuliza Jaha yule mchungaji wa kwanza alikwenda wapi. Akasema hakumbuki.

Kalinga aliendelea kuchunga mpaka aliposikia nimejifungua salama, kisha akaomba ruhusa. Juzi alikuja kuaga. Mtoto hakuonyeshwa. Mzee aliweka kiti mlangoni kwangu akakaa hapo tangu asubuhi, akizungumza naye habari za malisho, naye Kalinga akijibu kwa heshima. Mimi nilikuwa ndani. Mtoto akalia. Nikasikia Kalinga amenyamaza katikati ya neno. Mzee akamsubiri. Kisha Kalinga akaendelea pale pale alipoachia, habari ya majani.

Jaha ndiye atakayempa barua hii barabarani na kumwelekeza kwako. Mpe kazi. Usimwambie kwamba unajua. Na wala usimwombe msamaha. Hilo litakuwa kwa ajili yako, si kwa ajili yake.

Mdogo wako,
Tupokigwe


Igowole, 4 Machi 1956

Mdogo wangu Tupokigwe,

Ukisha kusoma, choma.

Alifika Jumanne saa ya mvua, barua ameifunga kwenye mfuko wa chumvi ndani ya shati ili isilowe. Niliisoma mbele yake. Alisimama akinitazama usoni, kama wasiojua kusoma wanavyofanya, akitafuta humo habari zilizoko kwenye karatasi. Nilijitahidi uso wangu usiwe na kitu. Nilipoikunja akauliza, "Huko Ilomba wazima?" Nikasema, "Wazima wote." Akasema, "Basi vizuri."

Nimempa kazi ya kukata kuni za kukaushia chai, na amekwisha kupendwa na nyapara, kwa kuwa haongei. Kwenye kugawa vyumba huwa nawauliza wageni mambo mawili, mke na watoto, maana nyumba za wenye wake ziko upande wa mto na za wasio na wake ziko nyuma ya kiwanda. Nikamuuliza kama ana mke. Akasema hana. La pili nilikuwa nimelianza kinywani, nikalimeza, nikampa chumba cha nyuma ya kiwanda.

Sikumwomba msamaha. Nimefanya ulivyosema. Lakini nashindwa kukaa ofisini akipita dirishani na mzigo, na nikikaa nashindwa kuandika. Mshahara wangu unaongezwa mwezi ujao. Mambo yote niliyoyaogopa mwaka mzima hayakutokea kwangu.

Jumapili Atuganile alisema si vizuri mtu aliyetoka upande wa wifi yake ale peke yake, akamwita kwetu. Yeye hajui neno. Mtoto wetu wa kiume alizaliwa tarehe 9 Januari, wiki moja tu kabla ya wako. Atuganile alipotaka kupakua akatazama nani yuko karibu, na kabla sijainuka akamweka mtoto mikononi mwa Kalinga. Alimpokea kwa mkono mmoja chini ya shingo na mwingine chini ya makalio, akamgeuza asipigwe na moshi. Atuganile akashangaa, akamwambia, "Wewe umewahi kulea."

"Ndama tu, mama," akasema.

Chakula kikapoa. Hakumrudisha, na hatukumwomba.

Kaka yako,
Lutengano